Shamba Chini ya Msitu

Katika msitu wa La Selva nchini Costa Rica, ambao tangu 1968 umekuwa kituo cha utafiti, mwanafunzi aliyetoka ng'ambo kujifunza ikolojia, yaani elimu ya uhusiano wa viumbe na mazingira yao, huanza kwa kupiga magoti njiani na kuwatazama sisimizi wakata-majani. Hutazama, hungoja, hutazama tena. Sisimizi mchukuzi hubeba kipande cha jani kikubwa kuliko mwili wake, kama mkulima aliyejitwika majani ya ng'ombe, na juu ya kipande hicho mara nyingi hupanda sisimizi mdogo zaidi, anayemlinda mchukuzi dhidi ya nzi watagao mayai mwilini mwake. Mgeni hudhani kwamba chakula kinapelekwa nyumbani, kumbe majani hayo hutafunwa na kuoteshewa kuvu, jamii moja na uyoga, ambayo ndiyo chakula cha mabuu yao. Ni shamba hasa, tena hupaliliwa, kwa kuwa kuvu ngeni hung'olewa na kutupwa nje. Ugunduzi huo hudai magoti na subira. Leo, msikilizaji, ukikuta msafara wa sisimizi mlangoni pa kazi, usiukanyage; inama uutazame.