Hesabu ya Maganda

Huko Marekani kuna watu wasionunua risasi dukani. Wanazitengeneza wenyewe nyumbani, kwenye banda la nyuma au chumba cha stoo, kwa mashine ya mkono iliyofungwa mezani. Nimetazama video zao nyingi kuliko inavyofaa msimu huu, maana mvua ya Tukuyu ikishaamua haina mjadala, na ukikaa Bulyaga unajua kuna siku hutoki ndani. Bunduki sina, wala siitamani, na kwetu risasi ni kitu cha kibali, si cha kutengeneza uani. Kilichonishika ni namna watu hawa wanavyohesabu.

Mashine yenyewe iko hivi. Ganda lililokwisha kutumika linawekwa kwenye sahani inayozunguka. Kila ukivuta mpini, maganda yote yaliyo kwenye sahani yanasogea hatua moja. Hatua ya kwanza fataki ya zamani inang'olewa (nasema fataki kile kidude kinachogongwa kikawasha baruti, siyo yule mzee wa matangazo ya redio aliyekuwa akihonga wanafunzi). Kisha inapachikwa mpya, halafu inamiminwa baruti, halafu kinakaa kichwa cha risasi, mwisho ganda linabanwa. Sahani ikishajaa, kila mvuto mmoja unadondosha risasi moja kamili kwenye kopo. Aliyezoea anatoa mamia kwa saa moja.

Hatari iko kwenye haraka hiyohiyo. Simu imeita, mtoto ameingia, mkono umesimama katikati. Ukirudi hujui lile ganda limeshapata baruti au bado. Likiikosa, fataki peke yake itakisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu na kukiacha humo. Risasi ya pili ikija nyuma yake, mtutu unaweza kukupasukia usoni. Likipata baruti mara mbili, balaa ni la ukoo huohuo. Ndiyo maana wanahesabu. Fataki huuzwa kwa mamia, kwa hiyo ukianza na fataki 100, mwisho wa kazi unatakiwa kuwa na risasi 100. Wengine wanafunga kwenye mpini kidude cha kuhesabia. Lakini hebu fikiri: kidude kile hakihesabu risasi. Kinahesabu mara ambazo mpini umeshuka. Ukiuvuta bila ganda, chenyewe kitaandika tu.

Sasa, mtu amekuta risasi 99. Anafanya nini? Aliye makini halali. Anaangalia sakafuni, anaangalia kwenye sahani, na asipoiona anatenga kopo zima, anazipima risasi moja moja kwenye mizani, na zenye shaka anazibomoa. Inawezekana kabisa akatumia saa mbili kwa ajili ya fataki moja yenye thamani ya senti chache. Ile moja iliyopungua kwake ni habari, na hatulii mpaka ajue ni habari gani.

Tunayo methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeipenda tangu utoto, ila siku hizi naiona inatudanganya kidogo. Inatufanya tuamini kwamba daftari likiwepo, habari nayo ipo.

Marehemu mjomba wangu alipitia mgambo miaka ya 1980. Alikuwa akitusimulia siku za kulenga shabaha. Kila mtu alipewa risasi zake chache, na baada ya kufyatua alitakiwa arudishe maganda idadi ileile. Likipungua moja, kikosi kizima kilitambaa kwenye nyasi hadi giza. Nyasi zenyewe ni zile za huku, zimelowa, ndefu, na ganda la risasi ni dogo kama kidole cha mtoto. Baada ya kutambaa mara mbili tatu vijana wakapata akili. Kila mmoja akawa anatunza ganda moja la ziada, la siku za nyuma au la kuokota, kwenye soksi. Likipotea la leo, la soksini linatoka. "Limeonekana, afande!" Afande anahesabu, zimetimia, watu wanaenda kula.

"Sasa afande alikuwa anatafuta ganda," mjomba alituuliza huku akicheka, "au alikuwa anatafuta hesabu?"

Tulicheka naye. Lakini tazama kilichotokea. Hesabu ya maganda iliwekwa ili risasi nzima isiibwe ikatoka nje ya uwanja na kwenda kuua mtu kijijini. Lengo jema kabisa. Ila kwa kuwa kilichoulizwa kila jioni kilikuwa "zimetimia?", vijana wakajifunza kutimiza. Mwizi naye angeweza kutia risasi nzima mfukoni na kurudisha ganda la soksini, na daftari lingempongeza.

Kwa mjomba hiki kilikuwa kichekesho. Nimekuja kuamini kwamba ndicho kisa kilekile kilichotokea Kongo, isipokuwa kule hapakuwa na soksi.

Kuanzia 1885 hadi 1908 Kongo haikuwa hata koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali binafsi ya mfalme Leopold wa Pili. Kilichotakiwa kwanza kilikuwa pembe za ndovu, baadaye mpira wa msituni. Wanakijiji walipangiwa kiasi cha kuleta, na waliopungukiwa walitumiwa askari wa jeshi lililoitwa Force Publique, au walinzi wa kampuni zilizopewa maeneo. Risasi zilitoka Ulaya, zilikuwa ghali, na maofisa waliogopa mambo mawili: askari kuzimaliza kwa kuwindia nyama, na askari kuziweka akiba kwa ajili ya uasi. Basi ikawekwa hesabu. Askari akienda kijijini anapewa risasi kadhaa. Zisizotumika azirudishe. Kwa kila iliyotumika, alete mkono wa kulia wa mtu.

Mkono ulikuwa stakabadhi. Iliyokaushwa kwa moshi ili isioze njiani ilifika kwa ofisa, ikahesabiwa, ikalinganishwa na risasi zilizotoka. Na kama askari alikosa shabaha? Kama alipiga nyani akamla? Hesabu ilikuwa inamsubiri. Alichofanya ni kukata mkono wa mtu aliye hai. Ndiyo asili ya wale watu waliopigwa picha wamesimama wima, wanatutazama, na mkono mmoja umeishia kwenye kifundo.

Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alizunguka huko 1903 na ripoti yake ikachapishwa 1904. Humo mna ushahidi kuhusu Mto Momboyo: katika miezi sita Dola ilikuwa imetumia risasi 6,000, na aliyeeleza hivyo akatafsiri kwamba ni watu 6,000 waliouawa au kukatwa viungo. Kisha akajirekebisha: ni zaidi ya hao, kwa sababu aliambiwa mara kwa mara kwamba watoto askari waliwaua kwa kitako cha bunduki. Kitako hakitumii risasi. Kwa hiyo hata daftari hili la kutisha, ambalo pengine ndilo lililokuwa karibu zaidi na orodha ya wafu wa mto ule, liliwaacha watoto nje. Halikukosea hata kidogo. Liliulizwa habari za risasi, likajibu habari za risasi.

Swali linalonisumbua linamhusu yule ofisa. Namfikiria amekaa kivulini, kalamu mkononi. Anaweza kusema, na sidhani kama angekuwa anadanganya, kwamba hakuwahi kumwamuru mtu yeyote akate mkono wa aliye hai. Yeye alitaka mahesabu yalingane, basi. Je, anayedai hesabu itimie anabeba lawama ya kilichofanywa ili itimie?

Wapo watakaosema hapana. Kosa ni la mwenye kisu. Mimi nasema anabeba, na anabeba sehemu kubwa. Mtengeneza risasi wa kule Marekani akikuta 99 hachukui moja ya jana akaongezea ili alale. Anajua kwamba pungufu ndiyo sehemu pekee ya hesabu inayomwambia kitu asichokijua. Ofisa wa Momboyo alijitengenezea utaratibu ambao ndani yake pungufu haiwezekani: kila risasi iliyopotea itapatiwa mkono, lazima. Mtu anayeifunga njia ya jibu baya kufika kwake hawezi kujitetea kwamba jibu baya halikumfikia.

Sisemi tusihesabu. Kuna wanaosoma habari za Leopold wakaishia kuchukia daftari lenyewe, na hao siwaelewi. Mashariki ya Kongo leo risasi zinazunguka bila mtu kuziandika popote, na hakuna mwanakijiji wa Kivu aliyefaidika na uhuru huo. Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo inazitaka nchi zetu zitie alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu zake, na naona ni jambo la busara. Daftari hilohilo, akilisoma mtu mwingine, linageuka.

Na liligeuka kweli. Edmund Dene Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli iliyohudumia Kongo, na kazi yake ilimpeleka mara kwa mara bandarini Antwerp. Alikuwa anaona mizigo na anaona hati zake. Meli zinakuja zimejaa mpira na pembe. Zinarudi zimebeba nini? Kama ni biashara, zingerudi na vitambaa, shanga, sufuria, chochote cha kumlipa aliyeleta mpira. Karani akatazama: maofisa, bunduki, risasi.  Akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye fomu, kwamba hawa watu wa Kongo wanalipwa kwa kitu gani? Kutokana na swali hilo akafahamu kwamba hawalipwi, bila kukanyaga Kongo. Akaacha kazi, akaanza kuandika. Ninaposikia mtu anasema karani hana nguvu, namkumbuka Morel.

Nisiende mbali na nyumbani, nisije nikaonekana nawasema Wabelgiji tu. Vita vya Majimaji havikufika huku Rungwe; Tukuyu wakati huo iliitwa Neu Langenburg na Wajerumani walikuwa wametulia bomani. Lakini vilichoma kusini kote. Wengi tuliijua ahadi ya maji kupitia Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji walilikabili boma la Mahenge, na waliowasubiri walikuwa na bombomu mbili. Aliyeambiwa kwamba risasi itageuka maji hana sababu ya kuzihesabu. Wa upande wa pili anazihesabu.

Tazama takwimu zilizobaki baada ya vita kwisha. Upande wa Wajerumani: Wazungu 15, na Waafrika waliopigana chini yao 389. Upande wa waliopigwa: 75,000 kwa makadirio ya Wajerumani, na wanahistoria wa baadaye wakapandisha hadi 250,000 au 300,000. Angalia sifuri. Zile namba mbili za kwanza zimekwenda hadi mtu wa mwisho. Hizi nyingine zinaruka kwa maelfu, na kati ya kadirio la chini na la juu mnapotea watu zaidi ya 200,000. Wengi wao walikufa kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa makusudi. Njaa haina ganda la kuokota.

Ukienda Ziwa Kisiba, pale Masoko, utasimuliwa kwamba Wajerumani walipoona Waingereza wanakuja, 1916, walitupa fedha na silaha ziwani. Kila anayesimulia ana orodha yake: masanduku kadhaa ya hiki, mapipa ya kile. Sijawahi kukutana na anayesimulia ni wapagazi wangapi waliyabeba masanduku hayo mgongoni hadi hapo.

Narudi Kongo kwa ajili ya mtu mmoja. Mei 1904 Nsala, mwanamume wa kijiji cha Wala, alifika kwenye misheni ya Baringa amebeba kifurushi cha majani. Walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamekishambulia kijiji chao. Ndani ya majani mlikuwa na mkono mmoja na mguu mmoja, ndivyo vilivyosalia vya binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano. Kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kupokea mikono na kuihesabu, na Nsala hakuupeleka kwao. Aliupeleka kwa wamisionari, akafungua majani mbele yao. Alice Seeley Harris alikuwa na kamera. Alimwomba Nsala aketi ukingoni mwa baraza, na mkono na mguu vikawekwa sakafuni mbele yake. Kwenye picha haangalii kamera. Anaviangalia.