Asili ya Msukuma Inahesabiwaje?

Maganzo, kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, ni mji wa almasi na wahamiaji. Tangu John Williamson agundue almasi pale Mwadui mwaka 1940, watu hawajaacha kuja na sururu na chekeche zao. Ukimuuliza mchimbaji ametoka wapi, atakutajia kijiji. Muulize asili yake, mjadala unaanza.

Jina la Wasukuma lenyewe halisaidii sana. "Sukuma" ni kaskazini, na Wasukuma nao huwaita majirani zao wa kusini Wadakama, watu wa kusini. Kila upande umembatiza mwenzake kwa kutazama kutoka pale uliposimama.

Koo za watemi, yaani watawala wa jadi, zilikuwa na simulizi kubwa zaidi. Nyingi humtaja mgeni aliyekuja kutoka magharibi, mara nyingi mwindaji, akapokewa na kupewa utawala. Wazungu walipofika, simulizi za aina hii ziliwapendeza. John Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai kwamba watawala wa Maziwa Makuu walikuwa wavamizi wenye asili ya Ethiopia. Kwa hesabu hiyo mtawala alipewa historia, mkulima akapewa jembe.

Lakini wengi husema neno mtemi linatokana na kutema, yaani kufyeka pori. Kazi hiyo haidai damu ya mbali.

Tena, utemi wa zamani ulirithiwa kupitia wanawake: mpwa, mtoto wa dada, ndiye aliyetawazwa, na mwana wa mtemi akakaa pembeni. Urithi wa baba kwa mwana ulikuja kushika nguvu enzi za ukoloni. Orodha ya mababu iliyonyooka kama kamba, baba hadi mwana, basi inastahili kutazamwa mara mbili.

Nyumbani mambo huamuliwa zizini. Hans Cory, aliyeandika sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, alionyesha jinsi mahari inavyoamua mtoto ni wa nani: baba asipotoa ng'ombe, mtoto huhesabiwa wa ukoo wa mama. Aliyemzaa anajulikana, ila ukoo wake haujampata. Mtoto akiugua, mganga huuliza masamva, mizimu ya ukoo, ni wa upande gani wanaodai kukumbukwa, na upande wa mama hausahauliki. Kwa imani hii babu ni yule anayeitwa wakati wa shida na kutambikiwa, hata kama hakuna ajuaye alitokea nchi gani.

Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963, ubishi wa koo haukufutwa. Anayetaka kuumaliza kwake pale Maganzo, na aanze kwa bibi mzaa mama, kabla hajafungua kitabu cha Speke.