Aliyekufa Bila Maumivu Anahesabiwa Wapi?

Kila anayesoma uuguzi hukutana mapema na jina la Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyeandika mwaka 1966 kwamba ubora wa huduma unaweza kutazamwa katika mambo matatu: muundo, mchakato na matokeo. Siku hizi hayo mawili ya kwanza yamesukumwa pembeni. Tunaambiwa tutazame matokeo. Mgonjwa alipona au alikufa? Alipata vidonda vya kulalia? Alianguka kitandani? Swali langu linamhusu mgonjwa ambaye tangu alipopokelewa hakutarajiwa kupona. Muuguzi amemwosha, amemgeuza kila baada ya saa chache, amempa dawa ya maumivu usiku kucha, na alfajiri mgonjwa amefariki akiwa ametulia. Rejista ina neno moja tu: amekufa. Je, kazi ya muuguzi huyo imeshindwa?

Sisemi kwamba tuache kuhesabu. Florence Nightingale aliyekwenda Scutari mwaka 1854 anakumbukwa kwa taa, lakini naona daftari lake lilifanya kazi kubwa zaidi. Takwimu zake zilionyesha kwamba askari wengi wa Uingereza waliuawa na maradhi kuliko majeraha, na mchoro wake wa mwaka 1858 uliwanyima wakubwa nafasi ya kusingizia vita. Asiyehesabiwa ni rahisi kusahauliwa. Hata hivyo Nightingale huyohuyo, alipoandika juu ya hospitali, alieleza ujanja aliouona: hospitali moja humtoa mgonjwa asiyeponyeka, naye huenda kufia hospitali nyingine baada ya siku moja au mbili. Ya kwanza inabaki na takwimu nzuri, ya pili inabeba aibu. Mgonjwa amefanywa mzigo wa kusukumwa kwa sababu ya hesabu ileile iliyobuniwa kumtetea.

Kwa wagonjwa wa namna hii Afrika Mashariki ina jambo la kujivunia. Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993, ikawa inatengeneza mofini ya maji, ya kunywa, kutokana na unga. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kisheria wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini wao wenyewe, bila kumsubiri daktari ambaye kijijini hayupo. Pia kimebuniwa barani kwetu kipimo cha matokeo ya tiba hiyo, chenye maswali saba kwa mgonjwa na matatu kwa anayemuuguza nyumbani. Wala hakihitaji mtu ajue kusoma, kwa kuwa mgonjwa anaweza kujibu kwa mkono. Akiulizwa juu ya maumivu, ngumi iliyofumbwa maana yake hayapo, na vidole vitano maana yake yamepita kiasi. Anaulizwa pia kama ana amani, na kama anaona maisha yake yana thamani.

Nakipenda kipimo hiki. Kinamwona yule ambaye rejista ya vifo haimwoni: jana alionyesha vidole vitano, leo viwili, na kesho akifa na ngumi iliyofumbwa, mtu amefanya kazi na kazi hiyo imeandikwa. Lakini hapa ndipo ugumu unapoanza, maana vidole hivyo havifanani na kipimajoto.

Lugha zetu zimetulea katika salamu ambazo jibu lake linajulikana kabla ya swali. Hujambo? Sijambo. Habari za asubuhi? Nzuri. Waganda hujibu gyendi, yaani nipo. Mwenye saratani naye husema nzuri, kisha akinyamaza kidogo huongeza, “ila usiku sikulala.” Hiyo “ila” ndiyo habari yenyewe. Muuguzi aliyeandika “nzuri” na kuhamia kitanda cha pili ana takwimu safi asizozifanyia kazi. Na mzee wa miaka sabini atamwonyeshaje vidole vitano binti aliyemwamkia shikamoo sasa hivi? Atanyoosha viwili, kwa heshima yake mwenyewe. Vile vitatu vilivyobaki vitatoka siku ya tatu au ya nne, akishaona kwamba binti huyu akiambiwa jambo hulifanyia kazi.

Kwa hiyo naona matokeo katika uuguzi ni jibu ambalo mtu humpa mtu anayemwamini. Tukikubali hilo, lazima tujiulize nini hutokea jibu hilo likifungwa kwenye fedha.

Rwanda, kuanzia mwaka 2006, ilieneza nchi nzima mpango wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na huduma zilizotolewa na ubora wake. Utafiti wa vituo 166 uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2011 ulionyesha kwamba kujifungulia kituoni kuliongezeka kwa asilimia 23. Hayo ni maisha ya watu, na sitayadharau. Lakini wajawazito waliokamilisha mahudhurio manne ya kliniki hawakuongezeka, wala watoto waliokamilisha chanjo. Uzazi mmoja ulilipwa zaidi ya dola 4. Mahudhurio manne hayakufika nusu dola. Tena kumfanya mama arudi mara ya nne ni kazi ya kubembeleza, ya kujuana, na haimalizwi na mhudumu peke yake. Fedha zilifuata kilichohesabika kwa urahisi, na juhudi zikafuata fedha.

Sasa tuseme kila ngumi iliyofumbwa inaleta posho. Muuguzi ataingia wodini na kusema, “Leo maumivu hayapo, si ndiyo, mzee?” Mzee ataitikia. Hakuna aliyeghushi karatasi, na mofini itabaki kabatini.

Mhadhiri anaweza kunipinga hapa: je, wauguzi wasiulizwe lolote? Waulizwe, na wanaowaajiri waulizwe zaidi. Mofini ilikuwepo Jumamosi usiku? Dozi ya saa nane ilitolewa? Muuguzi mmoja aliachiwa wagonjwa wangapi? Huo ni muundo na mchakato wa Donabedian, tulioutupa kando kwa haraka. Hayo yakaguliwe na hata yalipiwe. Vidole vya mgonjwa vibaki kitandani pake, vitumike kupanga dozi inayofuata. Najua nakubali hasara: wodi yenye wauguzi wakali itajificha, kwa kuwa hakuna atakayelinganisha ngumi zake na za jirani. Tukimtuma mgeni aulize badala yao, mzee atamjibu mgeni huyo “nzuri”, na “ila” yake ataimeza. Huenda njia ipo katika yale maswali matatu ya anayemuuguza, kwani binti wa marehemu anajua baba yake alilia usiku gani na nani aliitika. Ila naye, akiulizwa wakati baba bado yumo mikononi mwa wauguzi haohao, ana sababu zake za kusema wote walikuwa wazuri.