Misa Chini ya Mvua

Kila masika yanapoingia hutufikia malalamiko yale yale: kigango hiki hakina paa, kile kinavuja, na kwa sababu hiyo Wakristu wamebaki majumbani siku ya Dominika. Hatuwadharau wanaolalamika, maana mtoto akilowa huugua. Lakini leo twapenda kuwasimulia habari za kijiji kimoja cha Ireland, nchi iliyotuletea wamisionari wengi.

Ballintubber ni kijiji kidogo cha wakulima katika Mayo, upande wa magharibi. Jina lake latokana na kisima cha Mtakatifu Patrisi. Mwaka 1216 Cathal Crobhdearg, mfalme wa Connacht, aliwajengea hapo abasia Wakanoni wa Mtakatifu Agostino. Mwaka 1653 askari wa Cromwell wakaichoma moto. Dari ya mawe iliyo juu ya altare ilisalimika. Paa la mbao juu ya waamini likateketea. Wao hawakuondoka. Walipiga magoti chini ya anga tupu, mvua ikiwanyeshea (na mvua ya Mayo haingoji masika), wakashiriki Misa Takatifu, wao na watoto wao na vitukuu vyao. Wenyeji hushuhudia kwamba Misa haijapata kukoma mahali pale tangu abasia ilipojengwa.

Zikaja sheria za kuwakandamiza Wakatoliki, mapadri wakasakwa. Wazee wa huko husimulia juu ya mtu mmoja wa pande zile, aliyeitwa Seán na Sagart, ambaye aliwawinda mapadri ili apate fedha. Alipouawa, watu waliitupa maiti yake ziwani. Padri akawaamuru wakaitoe na kuizika katika makaburi ya abasia, kati ya ndugu zao. Nao wakatii. Twakiri kwamba amri hiyo ingetushinda sisi kuliko mvua ya miaka mia. Ni nani kwetu awezaye kumchimbia kaburi aliyemsaliti padri wake, tena kando ya kaburi la mama yake mzazi?

Katika miaka ya 1840 walianza kuitengeneza abasia. Njaa Kuu ikaikatiza kazi. Ilikamilika mwaka 1966, abasia ilipotimiza miaka 750.

Basi ndugu zetu wa vigango vinavyovuja, endeleeni kuchanga fedha za mabati. Na Dominika hii njoni na miavuli.