Eda Isiyokwisha

Neno kashfa limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kufunua kilichofunikwa. Basi kabla ya kumhukumu aliyefunuliwa, yafaa tuulize ni nani aliyefunua, na kwa faida ya nani.

Hapa Makindye hatuko mbali na Mengo, ambako swali hilo lilizuka kwa kishindo mwaka 1941. Kabaka Daudi Chwa alikuwa amefariki mwaka 1939, na mwanawe, Mutesa II, hakutawazwa mpaka 1942. Mama wa kijana huyo, Irene Drusilla Namaganda, ndiye aliyekuwa Namasole. Cheo hicho hakikuwa pambo. Namasole alikuwa na kasri lake, ardhi yake na maofisa wake, na kwa desturi ya kale yeye pia aliitwa Kabaka. Lakini mila ilimkataza kuolewa tena. Namaganda akapata mimba, akatangaza kwamba ataolewa na kijana asiye na cheo. Askofu Stuart wa Kanisa la Kianglikana hakuona kizuizi, kwa kuwa mjane Mkristo anaruhusiwa kuolewa. Katikiro Martin Luther Nsibirwa naye akaridhia. Ghadhabu iliyofuata ilimng'oa Nsibirwa katika ukatikiro mwaka uo huo, na Namaganda akavuliwa cheo.

Watetezi wa mila wana hoja, nami siipuuzi: mume wa Namasole angekuwa baba wa kambo wa Kabaka, na kiti cha enzi hakitaki baba wa pembeni. Lakini marehemu Daudi Chwa, aliyefunga na Namaganda ndoa ya kanisani, alizaa na wanawake wengine kadhaa, wala hakuna Katikiro aliyeanguka kwa ajili hiyo. Tena miongoni mwa waliopiga kelele walikuwamo waliokuwa wamemchoka Nsibirwa kwa mambo mengine kabisa. Mimba ya mjane iliwapa fimbo.

Ulaya nayo ilikuwa na mjane wa namna hii. Mary, dada yake Henry VIII wa Uingereza, aliozwa mwaka 1514 kwa Louis XII wa Ufaransa, mzee wa miaka 52, naye binti ana 18. Louis alikufa tarehe 1 Januari 1515. Baada ya wiki chache Mary akaolewa kwa siri huko Paris na Charles Brandon, rafiki wa kaka yake. Henry alifoka, kisha akawatoza faini kubwa, akawasamehe. Na Waingereza waliendelea kumwita Mary Malkia wa Ufaransa hadi kifo chake mwaka 1533.

Kosa la Mary lililipika kwa fedha kwa sababu hakumzalia Louis mrithi. Namaganda alikwisha kuzaa mfalme, na tumbo lake likahesabiwa kuwa mali ya ufalme.

Katika mwambao wetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha hutoka, na hakuna awezaye kumrudisha ndani. Eda ya Namasole haikuwekewa hesabu, na sijasikia kwamba yupo aliyemwuliza Namaganda kama aliikubali.