Mwenzi Wako Akisema, "Inatosha"



Fikirini mume aliyelazwa hospitalini Voi, saratani imeenea mwilini. Daktari amesema ipo tiba nyingine Mombasa, lakini haitamponya. Itamwongezea siku chache za maumivu. Mgonjwa anamwambia mkewe, "Mama, inatosha. Nirudishe nyumbani Mwatate. Shamba msiuze." Mke analia: nikikubali, je, nitakuwa nimemwua mume wangu?

Kanisa limekwisha kutujibu. Mwaka 1957 Papa Pius wa 12 aliwafundisha madaktari kwamba kwa kawaida hatulazimiki kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha uhai. Tamko la Kanisa la mwaka 1980 likaongeza kwamba mgonjwa aweza kukataa tiba ambayo mzigo wake unazidi faida yake, hata kwa kutotaka kuibebesha jamaa yake gharama kupita kiasi. Huko si kujiua. Ni kukubali kwamba sisi ni wa kufa. Papa Yohane Paulo wa 2 mwenyewe, alipozidiwa mwaka 2005, hakurudishwa hospitalini. Alihudumiwa nyumbani kwake Vatikano hadi alipofariki tarehe 2 Aprili.

Lakini jihadharini. Kuacha tiba si kumwacha mgonjwa. Chakula na maji, maadamu mwili unavipokea, dawa ya maumivu, kumwosha na kumgeuza kitandani, ni haki yake. Sindano ya kumaliza uhai ni uuaji, hata ikitolewa kwa huruma. Tena dawa ya malaria au ya kifua kikuu, ambayo huponya, haikataliwi ili kuokoa mbuzi wawili.

Angalieni pia ni nani anayesema "inatosha". Wakiwa ni ndugu wanaohesabu ekari, hiyo si sauti ya mgonjwa. Na pengine mgonjwa mwenyewe husema hivyo kwa kuwa ameziona nyuso zetu zimechoka. Basi wewe mke, shika mkono wake umwulize, "Baba, umechoka na tiba, au unaogopa kutusumbua?" Mhakikishie kwamba yeye si mzigo. Kisha msikilize, na jibu lake uliheshimu.

Msingoje siku hiyo. Leo jioni, watoto wakiisha kulala, ulizaneni kila mmoja angependa nini. Na ugonjwa ukija, mwiteni padre mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, mgonjwa angali anaweza kusali nanyi. Mbele ya altare mliahidiana uaminifu katika afya na ugonjwa. Ahadi hiyo hutimizwa hata pale tiba inapokoma.

Mungu azibariki ndoa zenu.