Hodi ya Serikali

Kwa desturi ya pwani, mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa huondoka, hata kama amesikia vyombo vikigongana uani. UKIMWI umeuliza kwa miaka zaidi ya 40 kama serikali nayo ni mgeni wa aina hiyo, au kama dawa iliyo mkononi mwake inairuhusu kuingia bila kukaribishwa.

Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliwaagiza maofisa wa utawala katika kaunti wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba nia ilikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba orodha ilitaka majina.

Idadi na jina ni vitu viwili. Idadi humwambia mpangaji apeleke makopo mangapi ya dawa Homa Bay, na haimtahayarishi yeyote. Jina lina mama, lina dawati darasani, lina nafasi kwenye foleni ya uji. Kwa watoto ukakasi unazidi, maana wengi humeza vidonge kila jioni bila kuambiwa ni vya nini. Mzazi anangoja mtoto akue kidogo, au anangoja ujasiri wake mwenyewe. Orodha ingempa karani habari ambayo mwenye habari hana. Faragha ya mtoto huyo ni kuwa wa kwanza kusikia mambo yake.

KELIN, shirika la Kenya linalotetea haki katika afya, na wenzake walikwenda Mahakama Kuu. Desemba 2016 mahakama iliamua kwamba agizo lilivunja haki ya faragha na kupuuza maslahi ya mtoto, ikaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe kwa alama ili yasiunganishwe na hali ya mtu. Wizara ya Afya ilibaki na uwezo wote wa kuhesabu.

Daktari Jonathan Mann, Mmarekani aliyefanya utafiti wa UKIMWI Kinshasa katikati ya miaka ya 1980 kabla ya kuongoza mpango wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya ugonjwa huo, alishikilia kwamba haki na afya husafiri jahazi moja: anayeogopa kuanikwa hapimi, na asiyepima hatibiwi. Hoja tamu. Pengine tamu mno.

Kwa sababu kuna Kuba. Kuanzia 1986 nchi hiyo iliwaweka wenye virusi katika makazi maalumu, maarufu zaidi yakiwa Los Cocos karibu na Havana, na lazima hiyo haikulegezwa hadi miaka ya 1990. Walilishwa vizuri, walitibiwa, hata mishahara waliendelea kupokea. Maambukizi yakabaki miongoni mwa machache zaidi katika Karibi. Mtu anaweza kusema kwamba zahanati nzuri zilichangia, na ni kweli. Lakini anayetetea haki kwa faida yake tu atababaika hapa, kwani siku ukandamizaji ukileta faida hatakuwa na la kusema. Itambidi akubali kauli ngumu zaidi: watu wa Los Cocos walinyang'anywa kitu chao, hata kama hesabu za maambukizi zilipendeza.

Tanzania ilichukua njia nyingine mwaka 2019. Bunge lilirekebisha sheria ya UKIMWI ya 2008, likaruhusu mtu kujipima mwenyewe, na likashusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kijana anaweza kujifungia chumbani na kipimo, asubiri dakika chache, asome jibu peke yake. Hakuna muuguzi, hakuna daftari. Jibu likiwa baya, kuna hatua kutoka chumba kile hadi kliniki ambazo hakuna ofisa anayeweza kumpigia. Wizara inamngoja mlangoni kwake, na safari hii anayepiga hodi ni kijana.